Kijiti Kinachotoka Chini

Fainali ya wanaume ya mbio za kupokezana vijiti, mita 100 kwa wakimbiaji wanne, katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, sichoki kuitazama. Jamaika ya Usain Bolt ilishinda kwa sekunde 37.27. Wa pili, kwa 37.60, walikuwa Wajapani: Yamagata, Iizuka, Kiryu na Cambridge. Hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10.

Siri imo mikononi. Timu nyingi hupeana kijiti kwa juu: mpokeaji ananyoosha mkono nyuma na, kwa hatua kadhaa, mkono huo haumsaidii kukimbia. Wajapani hukipandisha kutoka chini, kikaingia kiganjani karibu na nyonga, na mpokeaji anaendelea na mwendo wake wa kawaida. Ila wawili hao lazima wasogeleane mno. Mpokeaji amebandika utepe njiani, mahali alipopapima kwa nyayo zake. Mwenzake akiufikia, yeye anachomoka na hageuki tena. Nyayo hizo hupimwa kwa kasi ya watu wawili mahususi. Akibadilishwa mmoja, hesabu inaanza upya. Hata bila kubadilishwa mtu, haina dhamana: katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 Wajapani Tada na Yamagata walipeana salama kwenye mchujo, kesho yake fainalini kijiti hakikufika.

Ndiyo maana ninastaajabia zaidi jinsi Wajapani wanavyoingiza mtu mpya. Kwenye Mashindano ya Dunia ya London, mwaka 2017, Cambridge alikimbia mchujo, fainali akapewa Fujimitsu, mzoefu wa mbio hizi, wakapata shaba. Kwenye yale ya Doha, mwaka 2019, Koike alianza kwenye mchujo na Tada akaanza fainali. Nadhani hilo linawezekana kwa sababu kikosi kizima, pamoja na wa akiba, hufundishwa mtindo mmoja wa kupeana. Anayeingia anakuta kazi anayoijua. Kinachobaki ni kuzoea kasi ya jirani yake.

Fainali hiyo ya Doha walikimbia kwa sekunde 37.43, rekodi ya Asia, wakapata shaba tena. Kati ya wanne wa Rio alikuwepo Kiryu peke yake, katika zamu yake ileile ya tatu, na muda wao ulikuwa bora kuliko wa Rio.