Mfumo wa Mafunzo Kazini Hupimwa kwa Aliyekosea

Kampuni inapofunga mfumo wa kidijitali wa kusimamia mafunzo ya wafanyakazi, takwimu inayowahi kufika mezani kwa mkurugenzi ni asilimia ya waliomaliza kozi. Ndiyo takwimu rahisi kuliko zote kuipata, na ndiyo inayosema machache zaidi. Kozi nyingi za kampuni bado hufungashwa kwa kanuni za SCORM 1.2, zilizotoka mwaka 2001. Katika kanuni hizo, somo huupa mfumo hali moja tu ya mwanafunzi: ama amemaliza, ama amefaulu, ama amefeli, ama bado. Kumaliza na kufaulu vilibanana kwenye nafasi moja, hadi toleo la 2004 la SCORM lilipovitenganisha. Kwa hiyo aliyebofya hadi ukurasa wa mwisho huku akinywa chai anaweza kung'ara kwenye ripoti sawasawa na aliyesoma kwa makini. Mjuzi wa mifumo hii haanzi na waliomaliza. Huanza na waliokosea.

Chukua mtihani mfupi wa makeshia wa benki. Mteja ameleta rundo la noti, na moja inateleza mkononi isivyo kawaida: keshia amrudishie, aichanganye na nyingine, au aizuie na kumwita msimamizi? Mfumo duni utaandika kwamba keshia amepata alama 80, basi. Mfumo uliofungwa vizuri utaonesha kwamba maswali aliyoyakosa yote yanahusu noti bandia, kwamba wenzake wa tawi hilohilo wamechagua jibu baya lilelile, na kwamba msimamizi wao amekwisha kuarifiwa. Kisha baada ya wiki utamrudishia jambo hilo kwa sura nyingine. Marudio haya yana msingi: tangu 1885 mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoka mapema, na kwamba kurudia kwa vipindi hukishikilia. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mfumo usiokumbuka kosa hauwezi kulizuia lisirudiwe. Wala ufundi huu hautaki fedha nyingi. Mfumo wa Moodle, ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa rasmi 2002, hauna ada ya leseni, na takwimu zake za maswali huonesha kila jibu limechaguliwa na wangapi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa kazi ya kuzisoma.

Yupo atakayesema kwamba wakaguzi wanataka ushahidi wa mahudhurio, hawana haja na maelezo marefu. Ni kweli, na orodha ya waliomaliza ibaki. Lakini mtaalamu wa upimaji wa mafunzo Donald Kirkpatrick, katika makala zake zilizoanza kutoka mwaka 1959, alitaja ngazi nne za kupima mafunzo: mwanafunzi ameyapokeaje, amejifunza nini, amebadilikaje kazini, na shirika limepata nini. Kumaliza kozi hakufikii hata ngazi ya kwanza. Pingamizi zito zaidi ni la mfanyakazi mwenyewe: makosa yangu yakihifadhiwa, si yatageuzwa fimbo ya kunichapia? Hofu hiyo ina haki, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinataka taarifa zitumike kwa lengo zilizokusanyiwa. Basi alama nyingine ya ubora ni mipaka: nani anaona makosa, kwa muda gani, na kama yametengwa na faili la nidhamu. Pasipo mipaka hiyo watu watanong'onezana majibu, na kumbukumbu yote itakuwa uongo.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kabla ya kutia saini, mwombe muuzaji akuoneshe mwanafunzi mmoja wa mfano aliyefeli, na hatua ambayo mfumo ulichukua siku iliyofuata. Akikurudisha kwenye chati ya rangi ya waliomaliza, funga kalamu yako.