Namna ya Kuipima Kazi ya Mtafiti wa Rangi za Ndege za Kivita za Kisovieti

Atakaye kuipima kazi ya mtafiti wa rangi za ndege za kivita za Umoja wa Kisovieti, zilizopigana baina ya mwaka 1941 na 1945, asivutwe kwanza na uzuri wa michoro, bali atazame jinsi mwenyewe alivyowahoji mashahidi wake; maana rangi iliyokwisha kufifia, mfano wa shauri lililofikishwa mbele ya kadhi, haithibiti kwa kauli ya mmoja.

Shahidi wa kwanza ni hati. Mtafiti hodari ajua kuwa rangi za AMT, zilizotengenezwa kwa selulosi, zilipakwa juu ya mbao na kitambaa, na zile za A, zilizo za mafuta, zilipakwa juu ya metali. Na kwa kuwa ndege ya kivita ya Yak-1 ilifunikwa injini kwa metali, mabawa kwa mbao, na sehemu ya nyuma kwa kitambaa, ndege hiyo moja yamkini ilichukua kijani cha AMT-4 pamoja na kile cha A-24m, ambavyo havichakai kwa namna moja. Ajua pia kuwa agizo la mwaka 1943, lililoleta rangi za kijivu za AMT-11 na AMT-12 mahali pa kijani na nyeusi, halikuzibadili ndege zote kwa siku moja, na kwamba albamu ya rangi ya mwaka 1948 yaeleza kipimo kilichowekwa, wala si kila kilichofika kwenye viwanja vya vita.

Shahidi wa pili ni picha, ambayo aghalabu hupotosha, kwani filamu ya orthokromati ya picha za nyeusi na nyeupe haiioni nyekundu: nyota nyekundu hutoka karibu na weusi, ilhali samawati hung'aa kupita kiasi.

Wa tatu, na mwenye uzito, ni kipande cha ndege iliyoopolewa ziwani au kinamasini. Hapo mtafiti mwema huchunguza tabaka baada ya tabaka, akitafuta palipositirika na mwanga. Ndege ya makumbusho, hata ile La-7 ya rubani Ivan Kozhedub iliyoko Monino, Urusi, haiwi hoja mpaka ijulikane ilipakwa lini mara ya mwisho.

Basi kazi iliyo bora ni ile iliyotenga yakini na dhana, ikamwonyesha msomaji kila hukumu imesimama juu ya shahidi yupi. Na ile itoayo jina la kila kivuli cha rangi bila ya kutaja dalili, hata ingepambwa vipi, tuipokee kwa tahadhari.