Leso, Kususa na Kauli ya Wazi: Uhakiki wa Mawasiliano ya Mume na Mke katika Pwani ya Mombasa

Wahakiki wengi wa fasihi ya Pwani wamekubaliana kwamba Waswahili ni watu wa mafumbo. Kauli hii imerudiwa mara nyingi hata imegeuka kuwa jibu la kila swali, likiwamo swali la namna mume na mke wanavyofahamishana yaliyomo nyoyoni mwao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo ni nusu tu ya ukweli. Fumbo ni mawasiliano pale tu alipo mtu aliye tayari kulifumbua. Asipokuwapo, fumbo huwa ni ukimya uliovikwa nguo nzuri.

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya hisia. Hasira hupanda na kushuka, kinyongo huwekwa. Huzuni humwingia mtu kwa msiba usio na mkosaji. Uchungu mara nyingi huwa na aliyeuleta. Lakini yanayostahili uchunguzi zaidi ni maneno mawili, kununa na kususa. Anayenuna huonyesha kwa uso kwamba ameudhika. Anayesusa hukataa kitu anachokihitaji, kiwe chakula au mazungumzo, ili aulizwe sababu ya kukataa. Kwa hiyo kususa hakukamiliki bila ya kubembeleza. Hapo pana mazungumzo yasiyo na sentensi hata moja: mmoja husema kwa kukataa, na mwenziwe hujibu kwa kurai. Endapo mwenziwe atakula chakula chake akalala, mazungumzo yamekatika, na lawama haiwezi kutupiwa lugha.

Utaratibu huo ndio unaoongoza leso. Katika Timbwani, upande wa Likoni, kusini ya kivuko, kama katika mitaa mingine ya Mombasa, leso ni vazi la nyumbani, la msibani na la arusini. Mnunuzi aweza kuvuka kwa feri hadi kisiwani, akaenda Mtaa wa Biashara, mtaa uliojulikana kwa biashara ya leso kwa miaka mingi. Hapo hutazama rangi, pindo na mji wa leso. Hata hivyo lililo zito kuliko yote ni jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa. Mume anayemletea mkewe doti ya leso baada ya ugomvi huenda hajatamka neno la kuomba radhi, na hata hivyo ameliomba. Mke anayejifunga leso hiyo asubuhi yake amejibu.

Ichukuliwe kwa mfano leso yenye jina lijulikanalo sana, «Japo sipati tamaa sikati». Ikivaliwa na mke ambaye mumewe haonekani nyumbani ila usiku wa manane, mume aweza kusoma humo subira na mapenzi. Jirani aweza kusoma masimango. Mke mwenza aweza kusoma vita. Na mvaaji, akiulizwa, aweza kujibu kwamba alipenda rangi tu. Rose Marie Beck, katika utafiti wake wa kanga kama chombo cha mawasiliano, ameuweka utata huu katikati ya hoja yake, na amefanya vyema. Kosa la wakusanyaji wengine ni kuyaorodhesha majina ya leso kama methali, bila kutaja nani alivaa, mbele ya nani, na siku gani. Jina lisilo na mvaaji ni barua isiyo na anwani.

Kutokana na utata huo huzaliwa faida ya fumbo na hasara yake. Faida ni kwamba fumbo humsitiri msemaji na msikilizaji kwa pamoja. Maudhi madogo husemwa bila ya kumvunjia mtu heshima, naye hupewa nafasi ya kujirekebisha bila ya kuaibika. Hasara ni kwamba fumbo humpa msikilizaji haki ya kutosikia. Mume asiyetaka kuelewa leso hawezi kushitakiwa kwa kutoielewa. Tena Likoni ni mahali pa Wadigo, Waswahili na watu wengi waliotoka bara kutafuta kazi. Katika nyumba ambamo mmoja amelelewa na leso na mwingine amejifunza Kiswahili shuleni au kazini, maneno husomeka herufi kwa herufi na ujumbe usifike. Mmoja hudhani amesema mara kumi, na mwingine hudhani hajaambiwa hata mara moja.

Suala hili si geni katika fasihi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo mwaka 1858 na mama aliyemuusia binti yake, humtaka mke aepuke ukinzani na mumewe. Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa anwani iliyoelekeza macho kwenye wajibu wa mke, na wasomaji wengi wakaufuata mkondo huo. Mwaka 1991 Ann Biersteker aliusoma upya kwa kuzingatia lugha na mamlaka. Usomaji wa namna hiyo una manufaa, kwani mke anayefunzwa kumtambua mume hata akiwa kimya anapewa elimu kubwa ya hisia. Swali linalobaki ni moja: nani aliyemfunza mume kumtambua mke?

Swali hilo hujibiwa mahakamani. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, ameonyesha kwamba jamii humtazamia mume atamke, na mke avumilie. Lakini wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na mara nyingi hushinda. Mbele ya kadhi, mke anayedai matumizi au anayelalamikia mateso hana budi kuacha fumbo na kusimulia mambo ya nyumbani waziwazi, jambo ambalo nje ya mahakama lingehesabiwa utovu wa heshima. Kadhi hawezi kuhukumu kwa jina la leso.

Hapa yafaa kuwapinga wahakiki wa pande mbili. Wale wanaolisifu fumbo kuwa ndiyo sauti ya mwanamke wa Pwani husahau kwamba sauti inayoweza kukanushwa na mwenyewe huweza pia kupuuzwa na mwenziwe. Na wale wanaohimiza kwamba mume na mke waambiane kila kitu wazi husahau kwamba kubembeleza ni kauli, na kwamba staha imeokoa nyumba nyingi.

Kilicho sahihi ni kupima uzito wa jambo. Maudhi yana leso yake na kususa kwake. Njaa, kipigo na kutelekezwa havina leso. Ndoa ambayo mke hana budi kungoja kadhi ndipo asikiwe haikukosa lugha, ilikosa msikilizaji. Kwa hiyo mhakiki wa fumbo asiishie kuuliza maana ya maneno. Aulize pia nani alipaswa kuyajibu, na kwa nini hakujibu.