Lunyamila wa Mbweni

Ukitoka mjini kwa Barabara ya Bagamoyo unaipita Mwenge, unaipita Tegeta, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Mbweni iko pembezoni kabisa mwa Kinondoni, na huko ndiko uliko Uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, nyumbani kwa JKT Queens. Timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Wanawake msimu wa 2017/18, ikautetea uliofuata, na ikaurudisha tena 2022/23. Novemba 2023, ilipokwenda Ivory Coast kucheza Ligi ya Mabingwa ya Wanawake Afrika, kocha wake alikuwa Esther Chabruma.

Wapenzi wa soka wa zamani kidogo wanamfahamu zaidi kama Lunyamila. Alikuwa mshambuliaji wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, na jina hilo la utani lilitoka kwa Edibily Lunyamila, winga wa Yanga aliyewasumbua mabeki miaka ya tisini. Binti anayecheza leo anaweza kuitwa kwa jina la dada aliyemtangulia. Kizazi cha Chabruma hakikuwa na dada wa kufuata.

Mwaka 2010 Twiga Stars walifuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika, zilizochezwa Afrika Kusini. Kocha alikuwa Charles Boniface Mkwasa, mchezaji wa zamani wa Yanga, mtu aliyeubeba mzigo ule kwa moyo wakati wengi waliona soka la wanawake ni kichekesho cha kupasha uwanja joto kabla ya mechi ya wanaume. Walipangwa na wenyeji, Nigeria na Mali, wakafungwa mechi zote tatu. Watu wanapolitaja jambo hilo husahau kwamba nchi ilikuwa haina hata ligi ya taifa ya wanawake. Ligi ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza akawa Mlandizi Queens. Wale wa 2010 walitoka kwenye klabu za mtaani kama Mburahati Queens, kwenye viwanja vya mchanga, kwenye mabonanza, wakaenda kusimama mbele ya Nigeria. Kila walichokijua walikuwa wamejifunza kwa miguu yao wenyewe.

Elimu ya namna hiyo ni ngumu kumpa mwingine, na hapo ndipo ninapoistaajabia kazi ya mchezaji aliyegeuka kocha. Chukua jambo dogo la mshambuliaji anayeotea kila mara. Kocha yeyote anaweza kusimama kando ya mstari na kupiga kelele, "Usiotee!" Mchezaji anasikia, na dakika tano baadaye anaotea tena, kwa sababu ameambiwa kosa bila kuonyeshwa dawa. Aliyewahi kuicheza nafasi ile anajua dawa iko kwenye macho. Usimtazame beki, mtazame mwenye mpira. Akiinua kichwa anatafuta, wewe tembea, jifanye umechoka. Akikiinamisha kuutazama mpira, ameshaamua, na hiyo ndiyo nafasi yako. Tena usichomoke moja kwa moja. Anza kwa kukimbia sambamba na mstari wa mabeki, halafu kata kuingia ndani pasi inapoachiwa. Ni tofauti ya nusu sekunde tu, na mabao mengi huzaliwa humo.

Nimewahi kumtazama mama mmoja, mwalimu wa mabinti, jioni pale Mwembe Yanga, Temeke, akifundisha jambo la jirani na hilo. Alimpanga binti katikati, mwenzake mbele yake na mpira, na yeye mwalimu akasimama nyuma ya mgongo wa binti. Kabla pasi haijafika aliinua vidole juu kimyakimya. Binti alitakiwa kugeuza shingo, kuhesabu, kutaja idadi kwa sauti, ndipo apokee. Mara za mwanzo alitaja vizuri na mpira ukampita chini ya mguu. Kisha akapokea vizuri, lakini hakutaja kitu. Mwalimu hakufoka. Alimshika mabega akamgeuza robo, ili mguu wa mbali ndio uupokee mpira, akarudi nyuma yake, akainua vidole upya. "Tatu, mwalimu!" Mpira ukatulia, na binti tayari alikuwa ameelekea golini. Vumbi la daladala lilikuwa linaingia uwanjani, wavulana wa chandimu upande wa pili wanagombana, na mama yule aliendelea na zoezi lilelile mpaka giza lilipoanza. Kulirudia jambo moja kwa uso uleule kunataka nguvu kuliko kukimbia.

Marekani, kazi ya namna hii imepata makao vyuoni. Sue Enquist alicheza softiboli, mchezo wa gongo ulio ndugu wa besiboli, katika Chuo Kikuu cha UCLA kuanzia 1975 hadi 1978, akatwaa ubingwa wa taifa akiwa mchezaji. Alirudi palepale kuwa msaidizi wa kocha wake, Sharron Backus, wakaja kuongoza pamoja, na mwishowe akaachiwa timu peke yake mpaka alipostaafu 2006. Hakukabidhiwa timu kwa siku moja. Alikaa miaka pembeni ya mkubwa wake, akitazama. Nyuma yao ilikuwepo sheria ya 1972 iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali, na sheria hiyo ilivifungulia vyuo njia ya kuwapa wasichana viwanja, nauli na walimu.

Kwetu, sehemu kubwa ya mzigo huo imebebwa na majeshi. Filbert Bayi na Juma Ikangaa walikimbia wakiwa wanajeshi, na Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, lililoanzishwa 1963, limewapa mabinti wa mpira uwanja, kambi na ratiba inayoheshimiwa. Usiidharau ratiba. Binti wa Mbagala anayeuza vitafunwa asubuhi na kufanya mazoezi jioni akipata nauli hafundishiki sawasawa, hata kocha awe bingwa namna gani.

Kule Ivory Coast JKT Queens waliishia kwenye makundi, wakiwa kundi moja na Mamelodi Sundowns, waliokuja kulibeba kombe. Walioyajua ya 2010 waliona umbali uliokwishatembewa. Julai 2025, Twiga Stars waliporudi kwenye fainali za Afrika kule Morocco chini ya Bakari Shime, kikosini walikuwemo mabinti wa Mbweni kama Stumai Abdallah. Penalti ya Opa Clement iliwapa sare ya 1–1 na Afrika Kusini, mabingwa watetezi, na hiyo ikawa pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Shime ameifanya kazi hiyo vizuri na anastahili heshima yake yote. Ninachokitamani sasa ni kuona mmoja wa wanawake wa kikosi cha 2010 akiwa kocha mkuu wa Twiga Stars, akiwa na mkataba wa miaka ya kutosha kufundisha zoezi la vidole mpaka liwe tabia.