Mutomboko: Historia Inayotoka Jasho

Nendeni! Nimeiona Mutomboko, sherehe ya Walunda wa Zambia, kwa mara ya kwanza na bado kifua kinanidunda.

Kutoka Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, unafuata bonde la Luapula hadi Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe wa Walunda. Magari yamejaa vijana. Wengi wanafuata ngoma tu, na hakuna ubaya: ngoma itawafikisha kwenye chumvi.

Ndiyo, chumvi! Wazee husimulia kwamba kule Kongo, katika himaya ya Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, Mlunda aitwaye Chinyanta aligundua machimbo ya chumvi yaliyofichwa na mkubwa mmoja, Mutanda, akatoboa siri. Mutanda akalipiza kisasi: Chinyanta na mwenzake Kasombola wakatoswa katika mto Mukulweji. Mwanawe Chinyanta, Ng'anga Bilonda, ndiye aliyekuwa Mwata Kazembe wa kwanza. Leo, kabla ya kucheza, Mwata hushuka kwenye mto Ng'ona na kutupa chakula majini kwa ajili ya hao waliozama. Kijana akisimama pale ukingoni, haulizi tena historia ina faida gani. Anauliza: Mutanda alifanywa nini?

Kisha uwanjani! Mwata anaingia na mukonso wake, vazi zito la mikunjo kiunoni, shoka na upanga mikononi, na ngoma zinapigwa mpaka ardhi inatetemeka. Mreno Gamitto alipofika kwa Kazembe mwaka 1831 aliandika habari za vazi kama hilo. Livingstone alifika 1867, akamkuta mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Saleh, yumo kwa Kazembe. Kumbe hata sisi wa Kiswahili tumo katika hadithi hii!

Sherehe kwa sura yake ya sasa ni ya mwaka 1971 tu, na kwangu hilo linaipa thamani zaidi: watu waliamua kwamba safari ya mababu ichezwe, isisimuliwe tu. Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam nayapenda kwa nyumba zake na ngoma zake, lakini hapa anayecheza ni mfalme mwenyewe, mrithi wa wale wanaokumbukwa.

Nilichokitamani ni wasimulizi wa kukaa na vijana, kwa Kibemba na kwa Kiswahili pia. Nchelenge ina Mantapala, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 2018, ambako wamo vijana waliovuka kutoka Kongo kama Walunda walivyovuka zamani. Nani ataielewa ngoma hii kuliko wao? Waleteni, wapeni nafasi za mbele!

Mutomboko ni Jumamosi ya mwisho ya Julai. Fikeni mapema, na msikimbilie uwanjani: anzeni Ng'ona, na watoto wakae mbele.