Kutoisha peke yake hakufanye namba kuwa irasioneli

Bandugu, kuko sentensi moja inatembea mu makaye ya wanafunzi hapa Kalemie, na wengi wetu tukipata kazi ya ualimu tutaiandika tena ubaoni: "Namba irasioneli ni ile yenye haiishaki nyuma ya koma." Ni fupi, inashikika upesi, na ni ya uongo.

Gawanya 1 kwa 7: 0,142857142857… Haiishi, lakini ni rasioneli, sababu ni namba nzima juu ya namba nzima. Fanya mgawanyo huo kwa mkono, uache simu. Kila hatua kunabaki kitu, na chenye kinaweza kubaki ni 1, 2, 3, 4, 5 ao 6 tu. Kisha hatua sita lazima baki moja irudie, na ikirudia, mlolongo wote unaanza upya. Njo maana tarakimu zinazunguka. Irasioneli haiishi na tena haipati mzunguko kama huo. Ile sentensi ya makaye imekata nusu yenye ilikuwa na kazi.

Jina lenyewe halisaidii. Ukisikia "irasioneli" unawaza kitu kisicho na akili. Kiswahili cha vitabu kinasema "namba wiani", kutoka uwiano, na mtu anaelewa mara moja. Kwa hapa wamesema vizuri kuliko Kifaransa chetu.

Chenye kinanikasirisha zaidi ni π. Zoezi linaandika "π = 22/7", halafu mbele kidogo linauliza kama π ni rasioneli. Mtoto anajibu ndiyo, anapewa sifuri, wakati yeye aliheshimu tu alama ya sawasawa! 22/7 ni 3,142857…, π ni 3,14159…. Zinaachana ku tarakimu ya tatu. Lambert alihakikisha mu miaka ya 1760 kwamba π si rasioneli. Kwa kupima mzunguko wa pipa, 22/7 inatosha kabisa. Lakini waandike "karibu na".

Mafundi wa nyumba wanatupa mfano mzuri kuliko huo. Ili kona ikae sawa wanapima 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, na kamba ya kukatisha inatoa 5 kamili. Sasa chukua kiwanja cha mita 10 kwa 10. Kamba ya kona kwa kona ni 14,14? Izidishe yenyewe kwa yenyewe: 199,9396, wakati tulitaka 200. Jaribu 14,1421: inatoa 199,99899241. Mwanafunzi atasema tuongeze tarakimu tu, tutafika. Hatutafika, na sababu inaenea ku ubao mmoja.

Ulalo huo ni mara 10 ya namba yenye, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, inatoa 2. Tuseme hiyo namba ni a juu ya b, namba nzima zenye zimekwisha kurahisishwa. Basi a mara a ni sawa na 2 mara b mara b. Kwa hiyo a inagawanyika kwa 2, tuiandike 2k. Weka hiyo ndani, utaona b mara b ni 2 mara k mara k: b nayo inagawanyika kwa 2. Lakini tulisema zimekwisha kurahisishwa. Basi hakuna a wala b ya namna hiyo, hata ukizitafuta kwa mashine usiku kucha.