Nguzo arobaini kwenye bamba la shaba

Jumba la Chalis Satun, yaani nguzo arobaini, halipo tena. Lilisimama ndani ya ngome ambayo mfalme Akbar aliianzisha mwaka 1583 pale mito ya Ganga na Yamuna inapokutana, Allahabad, mji ambao leo unaitwa Prayagraj. Lilibomolewa, mawe yake yakaziba kuta za ngome ileile. Hata hivyo tunajua nguzo zake zilivyopangwa: 24 nje, 16 ndani, zote zikiwa zimepangwa kwa umbo la pembe nane, na juu yake safu nyingine. Tunajua kwa sababu wachoraji Thomas Daniell na William, mtoto wa ndugu yake, walilichora, na mchoro ukachapishwa London mwaka 1795.

Wawili hawa walibeba kamera obskura: sanduku lenye lenzi linalotupa taswira ya kilicho mbele yake juu ya karatasi, mchoraji akafuatisha mistari kwa penseli. William Hodges, aliyewatangulia kuichora ngome hiyo, alikuwa mtu wa brashi pana na mawingu mazito. Ukitaka kuhesabu nguzo, usimwendee yeye.

Penseli ilikuwa mwanzo tu. Kazi ngumu ilifanyika London. Bamba la shaba lilinyunyiziwa unga wa utomvu, likapashwa moto hadi chembe zikashika, kisha likatiwa tindikali. Tindikali hula shaba katikati ya chembe, na vijishimo hivyo ndivyo vinavyoshika wino. Sehemu ya anga ilizibwa mapema kwa vanishi ibaki nyeupe. Ukuta wenye kivuli uliachwa uliwe zaidi. Rangi zikamaliziwa kwa mkono. Picha 144 za mkusanyo wao zilipita njia hiyo. Uvumilivu huo ninauheshimu kuliko safari yenyewe.

Lakini sanduku lile la lenzi linaishi kwa jua. Hekalu la Patalpuri, ambamo huheshimiwa Akshayavat, mti ambao Wahindu wanaamini haufi, liko chini ya ardhi, ndani ya ngome hiyohiyo. Mahujaji huteremka ngazi kulifikia. Lenzi yao ingeona giza tupu. Ndiyo maana naona kosa kuzisoma picha hizi kama picha ya mji mzima. Ni picha ya kile ambacho jua lilikifikia.

Nguzo ya Ashoka, iliyo ndani ya ngome hiyo, nayo ilidai mbinu nyingine kabisa. Ina maandishi ya wafalme Ashoka, Samudragupta na Jahangir, na picha ya mandhari, hata iwe nzuri, haiwezi kuyafanya yasomeke. Mwaka 1834 Luteni Burt aliyanakili herufi kwa herufi, nguzo ikiwa imelala chini, na nakala zake zikawa miongoni mwa alizozitumia mtaalamu James Prinsep hadi kuisoma Brahmi, hati ya kale ya maandishi ya Ashoka, mwaka 1837. Mwaka uliofuata nguzo ilisimamishwa tena ndani ya ngome, ambayo sasa inashikiliwa na jeshi la India.